Sura ya Sita: Kiti Chenye Joto

Shangazi aliingia garini kwa kutanguliza mkoba, akakaa kiti cha dereva, akafunga mlango. Kimya. Alikuwa ametumikia polisi hadi kustaafu, na magari aliyoyazoea yalikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kwenda popote. Hili la umeme lilikaa tu pale kwenye maegesho ya kliniki, halina neno na mtu.

Jina la Shangazi lilikuwa la kazini. Waliompa ni watuhumiwa, kwa kejeli, maana alikuwa akiwahoji kwa maswali ya kishangazi: umekula wapi, umelala kwa nani, na mama yako anajua? Alipoanza upelelezi wa kujitegemea jina lilimfuata, naye hakulifukuza.

"Kiti kimepata moto?" aliuliza daktari wa meno, mwenye gari. Alikuwa amesimama nje ya dirisha, koti jeupe mwilini, mikono kifuani.

"Bado."

"Subiri alasiri nikikaribia kutoka. Ndipo huyo mtu anapoanza vituko vyake."

Shangazi alipapasa kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida, laini, hakina alama ya kuchezewa. Akachungulia chini yake, akapitisha vidole kwenye mshono, akafungua na kufunga kila kilichofunguka. Alipotosheka akatoka na kuegemea gari.

"Nisimulie tena, polepole, kama unamsimulia mtu asiyejua kitu. Maana ndiye mimi."

Daktari akatoa simu yake. Ilikuwa mpya, inang'aa, zawadi ya mumewe alipokuja likizo. Akaigusa, na picha ya gari ikajitokeza, limetazama mbele.

"Gari lote limo humu. Nikiwa chumba cha matibabu naona chaji iliyobaki, naona milango imefungwa au haijafungwa, naona kwenye ramani gari liko wapi. Nikitaka nawasha kiyoyozi kabla sijaingia. Napasha kiti. Napiga honi, nawasha taa. Kwa kidole tu, hata niwe wapi."

"Na huyo mtu wako anafanya yapi katika hayo?"

"Nikikaribia kutoka kazini, kiyoyozi kinawaka chenyewe. Nyuzi ishirini na sita, kila siku. Halafu kiti cha dereva kinapashwa moto, tena moto wa mwisho kabisa. Hebu niambie, Shangazi, mtu mwenye akili timamu anapoza hewa halafu anachoma kiti? Ananidhihaki. Ananiambia kwamba akitaka kunifanya lolote anaweza."

"Endelea."

"Siku moja nilisahau kufunga milango usiku. Asubuhi nikakuta imefungwa. Siku nyingine sokoni honi ikapigwa nikiwa nimeligeuzia gari mgongo. Niliangusha kapu, nyanya zote zikatawanyika. Watu wakacheka. Lakini hayo si kitu. Kinachoninyima usingizi ni ramani. Mtu anakaa mahali, ananitazama ninakokwenda. Naogopa gari langu mwenyewe."

Alilisema bila kupamba, na Shangazi akaona kwamba woga ulikuwa wa kweli.

"Unamshuku nani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo wangu. Wa tumbo moja."

Basi akaeleza. Mdogo wake alikuwa fundi umeme. Yeye ndiye aliyefunga chaja ukutani nyumbani, na yeye ndiye aliyeweka programu ya gari kwenye simu ya dada na kwenye yake, na kuchagua neno la siri, kwa sababu siku hiyo dada mtu alikuwa na mgonjwa kinywa wazi. Kisha wakagombana. Kijana alitaka gari kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, dada akakataa, na siku zilizofuata honi ikalia sokoni. Daktari akaiondoa simu ya mdogo wake kwenye programu. Vituko havikukoma.

"Sasa hivi kwenye programu nimebaki mimi peke yangu. Kila amri inaonyesha imetoka kwa mmiliki. Mmiliki ni mimi, na mimi sijatoa amri. Anayejua neno la siri ni yeye."

"Na wewe hulijui?"

"Mimi nafungua kwa kidole."

Shangazi alitikisa kichwa kwa namna isiyosema ndiyo wala hapana.

"Nimeshaandika malalamiko," daktari akaendelea. "Kesho asubuhi nayapeleka polisi, na nakala kwa wanaotoa leseni za mafundi. Mume wangu ndiye aliyeniomba nikutafute kwanza. Anasema nisimchome ndugu yangu kabla sijahakikisha."

"Leseni ameipata lini?"

"Mwaka huu." Sauti ilishuka. "Aliisomea akiwa kibarua. Mimi ndiye niliyemfanyia sherehe."

Ilikuwa wazi kwamba akiipoteza hatairudisha, na kwamba aliyemfanyia sherehe ndiye atakayemfanyia matanga. Shangazi aliangalia saa ya ukutani kupitia dirisha la mapokezi. Alikuwa na mchana mmoja.

"Mgongo wako vipi?" aliuliza.

"Mgongo?"

"Unainama siku nzima juu ya vinywa vya watu."

"Ulikuwa unanitesa sana. Nilikuwa narudi nyumbani nimeshika kiuno kama mjamzito. Siku hizi afadhali. Lakini hilo linahusu nini?"

"Halihusu. Nyumbani unaishi na nani?"

"Na mama mkwe. Mume wangu yuko ujenzini nje ya nchi, anakuja akipewa likizo."

"Mnaelewana?"

"Hatugombani."

"Hilo sijauliza."

Daktari alicheka kidogo, bila furaha. "Shangazi, yule mama ni mtu safi, lakini hanisemeshi. Salamu asubuhi, basi. Nadhani anaona nimemchukua mwanawe kisha nikamwacha akaenda mbali. Nikifika jioni chai iko mezani inafuka moshi, chakula kimefunikwa, yeye ameshaingia chumbani kwake. Foleni iwe ndefu, iwe fupi, chai inafuka. Mkono wake nauheshimu. Moyo wake sijawahi kuuona."

Shangazi alitoa karanga mkobani, akatupa mbili mdomoni, akatafuna huku akilitazama gari.

"Na wewe," daktari akasema, "gego la chini kushoto limekuanza lini?"

Shangazi aliacha kutafuna. "Nani kakuambia?"

"Unatafunia upande mmoja, na unaponyamaza unaligusa kwa ulimi. Ukimaliza kesi yangu, kaa kitini nami nimalize yako."

Mpelelezi aliyewahi kuwavua majambazi siri zao bila kuinua sauti alifunga mkoba wake haraka na kusema ana mtu wa kumwona. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema kwamba anaweza pia kukimbia.

*

Mdogo wa daktari alikuwa chini ya jengo la ghorofa, kwenye maegesho ya wapangaji, akifunga chaja nyingine ukutani. Alikuwa kijana mrefu, mwenye penseli sikioni na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alipoambiwa aliyekuja ni nani, hakuacha kazi, ila aliteremsha mikono.

"Dada kakutuma."

"Dada yako kanilipia nauli. Nimejituma mwenyewe. Honi ya sokoni ni yako?"

Kijana alitazama sakafu. Shangazi alimwachia ukimya, akautandaza vizuri, akakaa juu yake.

"Ni yangu," akasema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Alininyima gari, Shangazi. Nilikuwa nimeshamwahidi rafiki yangu kumchukulia bibi harusi. Nikaona kwenye ramani gari liko sokoni, nikasema ngoja nimshtue. Sisi tumekua hivyo, tunashtuana. Nilidhani atageuka acheke."

"Hakucheka."

"Nimesikia habari za nyanya. Nimempigia kumwomba radhi, hapokei."

"Kiyoyozi je?"

"Sijakigusa. Wala kiti. Wala milango." Aliinua kichwa. "Na kama ningetaka kumfanyia vituko, ningeweka baridi ya friji atetemeke. Nyuzi ishirini na sita ni vituko gani? Hiyo ni baridi ya wazee."

Shangazi alilichukua neno hilo akaliweka pembeni, kama mtu anayeokota kifungo bila kujua kimetoka shati lipi.

"Neno la siri unalikumbuka?"

Hapa mwongo angesema amesahau. Shangazi alikuwa amemwachia mlango wazi kabisa.

"Nalikumbuka," kijana akajibu. "Ni jina la marehemu mama yetu na mwaka aliotuacha. Nililichagua ili Dada asilisahau."

"Unajua jibu hilo linakuumiza?"

"Umeniuliza, nimekujibu."

"Lete simu yako. Unayo nyingine?"

"Nyingine ninunulie wewe."

Shangazi aliitia simu mkobani, akafunga zipu, akauweka mkoba magotini, akakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. "Endelea na kazi yako. Mimi nipo tu."

Kijana akarudi kwenye ukuta wake. Alipima, akatoboa, akapuliza vumbi tunduni, akapima tena. Alikuwa fundi mwangalifu. Waya wake ulipita umenyooka, na kila skrubu aliyoikaza alirudi kuijaribu kwa kidole. Alitumia mikono yote miwili muda wote, na Shangazi hakuiondolea macho.

Simu ya Shangazi ikalia. Alikuwa daktari, sauti juu.

"Limewaka. Sasa hivi. Naliona hapa dirishani, na kwenye simu imeandika kiti kinapashwa. Uko wapi?"

"Niko na mdogo wako. Mkono mmoja ameshika drili, mwingine ameegemeza ukutani. Simu yake ninayo mimi mkobani."

"Basi ana mwenzake," daktari akasema. "Kampa mtu neno la siri."

"Inawezekana. Kabla halijawaka ulifanya nini? Usiruke kitu."

"Nilimaliza mgonjwa wa mwisho. Nikavua glavu. Nikanawa mikono. Nikatuma ujumbe nyumbani kwamba natoka. Nikachukua mkoba, nikachungulia dirishani, feni ya gari inavuma."

"Ujumbe kwa nani?"

"Kwa mama mkwe. Mume wangu aliniomba niwe namtumia, mama asikae na wasiwasi. Neno moja tu, 'Natoka'. Hajawahi kujibu."

"Na siku ukichelewa kutoka, kiyoyozi kinawaka saa gani?"

Daktari alifikiri. "Kinachelewa pia. Juzi nilikuwa na mtoto aliyevunjika jino, nikatoka giza linaingia. Kiliwaka nilipokuwa natoka." Akasita. "Anajuaje?"

"Zima kiyoyozi. Gari liache hapo hapo lilipo, usiliguse tena. Nakuja na teksi."

Kijana alikuwa ameteremsha drili. Uso wake wote ulikuwa swali. Shangazi alimrudishia simu.

"Honi utaiombea radhi mwenyewe," alimwambia. "Mengine niachie. Na usiende mbali."

*

Njiani daktari aliuliza kwa nini wapande teksi ilhali gari lake lipo lina chaji tele.

"Kwa sababu gari lako lina mdomo," Shangazi akasema. "Linasema liko wapi."

Waliteremka mwanzo wa mtaa, wakatembea. Nyumba ya daktari ilikuwa na ua wa michongoma na geti dogo la pembeni, na dirisha la sebule lilitazama upande huo. Shangazi aliongoza. Walipokaribia dirisha aliinama nyuma ya michongoma, akamvuta daktari naye ainame. Wanawake wawili wazima, mmoja katika koti jeupe la hospitali, wakawa wamechuchumaa bustanini kama wezi wa kuku.

"Hapa ni kwangu," daktari akanong'ona.

"Najua. Ndiyo maana sijavunja sheria. Tuma ule ujumbe wako."

"Nilishatuma leo."

"Tuma tena. Neno lile lile."

Daktari akatuma.

Ndani, mama mkwe alikuwa amekaa mezani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, shuka begani ingawa hapakuwa na baridi, madirisha yote yamefungwa isipokuwa hilo moja lililoachiwa upenyo. Simu mezani ikatoa mlio. Akaitazama, akashangaa kidogo, akapangusa mikono kwenye kanga. Akavaa miwani. Akaichukua simu kwa mikono miwili na kuisogeza karibu na uso.

"Ile simu yangu ya zamani," daktari akasema chini chini. "Ile kona niliivunja mimi. Mume wangu alimpa Mama aliponinunulia hii. Lakini niliisafisha, nilifuta picha zote na namba zote."

"Na programu ya gari?"

Daktari alisogeza uso karibu na dirisha.

Mama mkwe alibonyeza mara moja, kwa uangalifu, kidole kimenyooka. Akasubiri. Akabonyeza tena, sehemu nyingine, akakaza kidole mpaka aliporidhika. Kisha akaiegemeza simu kwenye bakuli la sukari ili aione vizuri, akanyanyuka, akajaza maji birika, akaliweka jikoni bila kuwasha moto. Akarudi kukaa. Akavuta ungo wake, na kila baada ya maharage machache alikuwa akiinua macho kuitazama simu.

Kwenye kiganja cha daktari simu mpya ilitetemeka. Kiyoyozi kimewashwa. Kiti cha dereva kinapashwa. Amri imetoka kwa mmiliki.

Daktari aliyasoma maneno hayo, akamtazama yule mama kupitia dirisha, akayasoma tena. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakufanya bidii kuyaficha.

"Mwizi hakufungii mlango uliousahau," Shangazi alisema taratibu. "Adui hakuwashii hewa. Na mtu anayekudhihaki hajui kwamba unarudi nyumbani umeshika kiuno. Nilijua tangu uliponiambia mgongo umepata nafuu kwamba ninamtafuta mtu anayekupenda. Shida ni kwamba uliponitajia watu wanaokupenda, huyu hukumtaja."

"Kikulacho," daktari akaanza, na hakumaliza.

"Si kila kilichomo nguoni kinauma. Nenda ndani. Kesi imebaki yako."

Mama mkwe aliposikia mlango aligeuka, akaona mkwewe, akaitazama simu, akamtazama tena mkwewe. Kwa mara ya kwanza Shangazi alimwona mtu anayeamini chombo kuliko macho yake.

"Wewe si uko kazini?" mama akasema. "Gari linasema uko kazini."

"Gari liko kazini, Mama. Mimi nimekuja na teksi."

"Limeharibika?"

"Halijaharibika." Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye, karibu zaidi kuliko alivyowahi kukaa. "Mama, ni wewe unayeniwashia?"

Mama alivua miwani. Ilionekana anatafuta mahali pa kuiweka, na meza nzima ilikuwa wazi mbele yake.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Nilikuwa sijui."

"Hujui vipi? Si wewe uliyeniachia?" Aliigeuza simu, akaonyesha kile kipicha cha gari. "Mwanangu aliponipa simu hii niliikuta tupu. Umefuta kila kitu, picha, namba, vyote. Umeacha gari tu. Nikasema, huyu mtoto si mtu wa maneno kama mimi nisivyokuwa mtu wa maneno, lakini ameniachia gari lake nimwangalizie. Nikakaa nikajifunza. Siku ya kwanza niliwasha taa mchana kutwa." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Ukituma kwamba unatoka, nakuwekea hewa, si ya baridi sana, baridi inaingia kifuani. Na kiti, kwa ajili ya mgongo. Nikiona umeingia barabara yetu naliwashia birika moto. Chai ikishakuwa mezani nakupisha. Najua umechoka, hutaki kuzungumza na kizee."

Daktari alifungua mdomo akaufunga. Mwanamke aliyeshinda siku nzima akiwaambia watu wafungue vinywa alikuwa amekosa la kusema na chake.

"Mimi nilidhani wewe ndiye hutaki," alisema mwisho.

"Mimi?" Mama alishangaa kikweli. "Nitazungumza na nani humu, na birika?"

Wakacheka wote wawili, mama kwanza. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeukia dirisha na kuchunguza komeo lisilokuwa na tatizo lolote. Kazi yake ilimpa mara nyingi nafasi ya kuona nyumba zikivunjika. Alifurahi, akajiruhusu kufurahi.

Daktari alimpigia mdogo wake palepale. Alisema maneno machache, neno "nisamehe" likiwa la kwanza, kisha akasikiliza, kisha akasema, "Honi nayo tutaizungumza, usidhani nimesahau. Njoo utuchukue, tuko watatu." Alipokata alichukua bahasha ya yale malalamiko iliyokuwa juu ya kabati, tayari kwa safari ya kesho, akaichana vipande na kuvitia kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya maharage.

"Na neno la siri libadilishe leo," Shangazi akasema. "Leo simu imeangukia mikono myema. Ingeweza kuangukia mingine. Halafu Mama umpe ufunguo wake mwenyewe kwenye programu, kwa jina lake, ili kila akikuwashia ujue ni nani."

Walifanya hivyo wakiwa bado mezani, vichwa viwili juu ya simu mbili. Mahali pa jina daktari aliandika "Mama".

*

Kijana alikuja na gari lake la kazi, ngazi juu ya paa, waya zimejaa nyuma. Mama mkwe alipewa kiti cha mbele. Walipokata kona ya kliniki daktari aliinama kutoka nyuma.

"Mama, liwashie tena."

"Uko humu. Nimwashie nani?"

"Wewe washa tu."

Mama akavaa miwani, akabonyeza, akakaza kidole. Gari lililokuwa limeegeshwa peke yake chini ya ukuta wa kliniki likaanza kupumua kwa sauti ndogo. Mama aliliona kupitia kioo cha mbele na mkono wake ukaenda kifuani. Hakuwahi kuliona likimtii.

Walipofika daktari alifungua mlango wa dereva.

"Kaa, Mama."

"Mimi? Sijui kuendesha."

"Huendeshi. Kaa tu."

Mama alijikunja akaingia, akakaa, shuka begani, simu mkononi. Kwa dakika nzima alitulia, akitazama usukani kama anayetazama chumba cha mgeni. Kisha akaanza kujisogeza. Akajiinua kidogo. Akageuka, akapapasa kiti kwa kiganja, na macho yakamtoka.

"Mbona moto hivi?"

"Ndivyo kinavyokuwa kila siku."

"Huu moto wa kuchoma muhogo, mwanangu. Nilidhani kile kialama cha mwisho ndicho kizuri zaidi. Na ulikuwa unakaa tu?"

"Nilikuwa nakaa, Mama."

"Bila kusema?"

"Ningemwambia nani?"

Mdogo wake aligeuza uso kwa kicheko. Mama alirudisha miwani puani, akatafuta kile kialama, akakipunguza mpaka katikati, akasubiri, akajaribu kiti kwa kiganja. Alipoona kinafaa alitoka polepole, akamshika mkwewe mkono, akamwingiza garini mwenyewe na kumfungia mlango. Kisha akazunguka upande wa pili akakaa kando yake.

Daktari alishusha kioo. Mgongo wake ulikuwa umeegemea kiti chote, bila haraka.

"Shangazi," aliita, "kesho asubuhi nina nafasi. Na usiniambie una mtu wa kumwona."

Shangazi aligusa gego kwa ulimi, akajikuta hana pa kukimbilia. Alisema atakuja, ila kiti cha huko nacho kipashwe kwanza.